Majirani zake wananihesabia hatua

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 46, naishi Buhongwa, hapa Mwanza. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, akaniachia watoto wawili. Mama mkwe anaishi nasi, ananisaidia kulea. Tangu mwaka jana, mara mbili kwa mwezi, naenda kwa dada mmoja aliyepanga Mabatini, kule juu kwenye mawe. Namlipa, tunaelewana, naondoka. Shida ni majirani. Kuna mama anakaanga samaki barazani, kila nikipita ananikazia macho. Wapangaji wengine wananyamaza nikiingia uani. Nimejaribu kofia, nimejaribu barakoa, nimejaribu kwenda saa nne usiku, ndiyo kwanza wanazidi kuchungulia. Wiki iliyopita kijana wa nyumba ileile alinifuata mpaka kwenye bodaboda, akanionyesha picha yangu kwenye simu yake, akataka elfu ishirini "ya kusahau". Nikampa. Nifanyeje niwe naingia na kutoka bila kuonekana? Mgane, Buhongwa.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba. Miaka minne watu huihesabu kuwa mingi, lakini aliyebaki na kitanda kipana ndiye anayejua urefu wake. Sitakusema kwa hilo.

Barua yako nimeirudia mara tatu. Umenieleza habari za mama wa samaki, za kijana mwenye simu, za kofia na barakoa. Huyo dada mwenyewe umesema amepanga, basi. Hukuniambia yeye anasemaje kuhusu majirani hao, na nahisi hujawahi kumuuliza.

Kuingia bila kuonekana hakuwezekani, uache kuhangaika. Mabatini unaijua. Nyumba zimepanda mlima jiwe kwa jiwe, bati la huyu liko usawa wa kizingiti cha yule wa juu. Njia yenyewe ni ngazi za mawe zinazopita katikati ya nyua za watu, unamvuka mtu anaosha vyombo, unamvuka mwingine anasuka mtoto. Hakuna uchochoro wa siri pale. Na mgeni anayepita na barakoa saa nne za usiku, kimya, bila hata "habari za jioni", huyo hata mimi ningetoka kumwangalia. Mwanza mtu akikupita bila salamu unajiuliza amebeba nini.

Sasa nikusimulie jambo ambalo sijalizoea kulisimulia. Mwaka 1994 nilipanga chumba Kirumba, jirani na Mwaloni. Tulikuwa wapangaji saba, bomba moja, choo kimoja. Chumba cha mwisho alikaa dada aliyekuwa akipokea wanaume kwa pesa. Sisi wanawake tukikaa bombani tulikuwa tunawahesabu: leo wawili, leo yule mrefu kavaa viatu vya bei. Usiku mmoja tukasikia sauti yake, kisha tukasikia meza imeanguka. Nilitoka na mchi wa kinu, mwenzangu na mwiko, tukaugonga ule mlango mpaka mwanaume akatoka mbio hana viatu. Dada alikuwa amepasuka mdomo. Tulimkanda kwa maji ya moto mpaka alfajiri.

Miezi mitatu baadaye mwenye nyumba alimtoa, godoro lake likawekwa nje mvua inanyesha. Maneno yaliyomfikia mwenye nyumba yalitoka bombani, na mimi nilikuwemo. Mikono iliyomwokoa na midomo iliyomfukuza ilikuwa yetu sisi sisi. Sijui alikwenda wapi. Namkumbuka kila nikisikia mvua juu ya bati.

Ndiyo maana nakuomba umtazame yule mama wa samaki upya. Anakuhesabu ukiingia, anakuhesabu ukitoka. Siku mtu mwingine atakapoingia kwa nia mbaya, mama huyo ndiye atakayegundua kwamba mlango haujafunguliwa muda mrefu mno. Mwanamke anayefungua mlango kwa wageni, peke yake, hana askari mwingine. Ukifanikiwa kuyapofusha macho hayo kwa ajili yako, umeyapofusha na kwa wote watakaokufuata. Na macho hayohayo yakigeuka yakawa ya chuki, anayelala nje ni yeye. Wewe unashuka ngazi, unapanda bodaboda, dakika arobaini uko Buhongwa unakula ugali na wanao. Yeye asubuhi anakwenda bombani na ndoo.

Basi kabla hujaenda tena, mpigie simu umuulize: "Majirani umewaambia mimi ni nani? Ungependa nije saa ngapi? Kuna mtu hapo unayemwamini?" Kisha ufuate atakavyokuambia, hata kama wewe ungependa vingine. Huenda ameshawaambia wewe ni fundi, au ni mchumba, au hakuwaambia kitu na wao wameamua kumheshimu. Usijipachike ushemeji au ubinamu kwa akili yako. Ukisema lako naye amesema lake, kesho bombani yataunganishwa, na mwongo ataonekana yeye.

Vua barakoa. Njoo magharibi, wakati watu wote wanarudi kutoka mihangaikoni na ngazi zimejaa, isipokuwa yeye akipanga saa nyingine. Shuka kwenye bodaboda chini barabarani, umalizie kwa miguu. Salimia kila unayempita, na huyo mama ukimsalimia kwa Kisukuma, "mwadila mayu", utaona uso wake. Uani usizungumze kwa simu, usiwatume watoto wa watu soda. Ukitaka kwenda chooni vaa shati lako, pale ni nyumbani kwa familia za watu. Mtu wa namna hiyo anaonekana, halafu anasahaulika, kwa sababu hana cha kusimuliwa.

Kuna watakaokushauri umhamishie gesti. Gesti nako kuna kitabu cha wageni, unaandika jina, kazi, unakotoka na unakokwenda, na mhudumu anakutazama usoni. Kwa upande wake ni mbaya zaidi, maana pale akipiga kelele hakuna anayemjua. Akipenda mwenyewe, sawa. Usimlazimishe kwa sababu wewe unaona haya.

Kijana wa picha nimemwacha makusudi, maana hilo ndilo limeniuma. Elfu ishirini ulizompa zimemfundisha kwamba simu yake ni duka. Atarudi, na safari ijayo hazitakuwa ishirini. Usimpe tena hata mia. Kudai pesa kwa vitisho ni kosa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumsumbua mtu na kumtisha kwa njia ya simu na kompyuta. Katiba yetu nayo, Ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu na maskani yake. Mwambie hivyo kwa utulivu, na ujumbe wake wowote usiufute.

Lakini usikimbilie polisi wala kwa mjumbe bila kuongea na huyo dada kwanza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamwadhibu anayesimama hadharani kutafuta wateja, na inamwadhibu anayeweka nyumba au chumba kwa ajili ya biashara hiyo. Wewe utakwenda kituoni kushtaki picha, maswali yatahamia chumbani kwake na kwa mwenye nyumba. Ukishinda wewe, yeye anaweza kupoteza pa kulala. Mweleze leo kwamba kijana huyo ana picha na umeshampa pesa. Ana haki ya kujua kuna mtu ndani ya ua wake anayewauza wageni wake. Nina hakika si wewe wa kwanza. Yeye anamjua kijana, anamjua mama yake, na pengine neno moja kutoka kwa yule mama wa samaki litamaliza jambo ambalo wewe ungelivuruga kwa mwezi mzima.

Kuhusu afya nitasema machache kwa kuwa wewe ni mtu mzima mwenye watoto wanaokutegemea. Kondomu kila mara, na asilazimike yeye kukuomba. Mkipatwa na ajali ya kupasuka, dawa ya kuzuia VVU, PEP, inatakiwa ianze ndani ya saa 72, kwa hiyo usisubiri Jumatatu, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Umemtaja mama mkwe mara moja tu, ila nimeona ndiye unayemwogopa kuliko majirani wote wa Mabatini. Amemzika binti yake, na anapika jikoni kwa binti yake. Huna deni la kumsimulia unakokwenda. Lakini ikitokea picha hiyo ikamfikia, usimkane yule dada, usimwite majina ili ujisafishe. Sema: "Ni kweli, mama, nilikuwa mpweke." Mama aliyelea wajukuu miaka minne katika nyumba hiyo amekusikia ukitembea usiku. Anajua zaidi ya unavyodhani.

Siku utakayokwenda tena, kama huyo dada ameridhia, simama pale barazani kwanza. Nunua samaki wawili, wa kwako na wa kumpelekea. Kaa kwenye benchi ule wa kwako, taratibu, mama akuone uso mzima. Subiri hapo mpaka mwenyeji wako mwenyewe atoke akuite.