Muulize Shangazi: Meseji ya mbuzi imenigombanisha na mama mkwe

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina miaka 34, nakaa Morogoro, mama mkwe yuko kijijini Handeni. Tulikubaliana auze mbuzi mmoja anunue sare na madaftari ya wajukuu, kikipungua nimalizie. Juzi nikiwa nimening'inia kwenye daladala nikamtumia "mama shikamoo mbuzi umemuuza", basi, sikuongeza kitu. Kumbe mama herufi ndogo hazioni, akampa mjukuu wa darasa la nne amsomee, mtoto naye kasoma kama anasoma ubaoni, mbuzi umemuuza. Mama kalia siku nzima eti mkwe anamwita mwizi, sasa mjomba wa mke wangu anataka kikao. Hivi kosa ni langu, la mtoto au la lugha? – Mkwe mwenye aibu

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, ila nimecheka kwanza ndo nikashika kalamu.

Hebu itamke hiyo sentensi yako mara mbili, mara ya kwanza unauliza, mara ya pili unalaumu. Umeona? Hakuna neno lililobadilika hata moja, kilichopanda ni sauti pale mwishoni tu. Waingereza wakitaka kuuliza wanapindua mpangilio wa maneno, kwa hiyo hata ukisoma kwa sauti ya roboti swali linabaki swali. Sisi swali la ndiyo au hapana tumelificha kooni, na koo haliingii kwenye meseji. Kilichobaki ni kile kialama cha kuuliza ambacho wewe umekiruka, na hauko peke yako, wengi wetu tulijifunza kuandika meseji enzi za herufi 160 kila moja na hela yake, tukawa tunaandika "cjui" badala ya "sijui" ili zitoshe, koma na viulizo vikawa vya kwanza kutupwa. Siku hizi kuna vifurushi, lakini vidole vimeshazoea.

Halafu hata ungekiweka, sina hakika kingekuokoa. Kiulizo kinakaa mwisho, mtoto akikifikia ameshasoma mbuzi na ameshasoma umemuuza, sauti imeshatoka. Wahispania waliliona hili mapema, tangu 1754 taasisi yao ya lugha iliagiza kiulizo kiwekwe na mwanzoni pia, kimegeuzwa miguu juu, msomaji ajiandae. Sisi tunayo "je". Ungeandika "je mama, mbuzi umemuuza?" yule mtoto angejua toka neno la kwanza kwamba baba mdogo anauliza.

Na sio viulizo tu, maandishi yetu yanaacha mengi nje. Andika "barabara", bila sentensi nzima nitajuaje ni njia ya magari au kitu kiko sawasawa, wakati mdomoni mkazo unakaa pengine kabisa? Watu wa Mombasa na Lamu wakisema "paa" wa porini wanatoa pumzi, "paa" la nyumba hawatoi, kwenye karatasi wote ndugu mmoja. Na zamani tulipoandika kwa herufi za Kiarabu ilikuwa kazi zaidi, maana o na u zilichukua alama moja, e na i vilevile, kwa hiyo "choma" na "chuma" zilikuwa na sura moja, ikabidi msomaji awe anaijua habari kabla hajaisoma.

Lakini usiyadharau maandishi kwa sababu ya mbuzi mmoja. Muyaka wa Mombasa alifariki karibu 1840, mashairi yake yakabaki vichwani mwa watu, wazee nao wanakufa mmoja mmoja, mpaka baadaye karne ile ile Mwalimu Sikujua akayakusanya na kumpa mmisionari Mwingereza aitwaye Taylor, yakaja kuchapwa kitabu 1940. Leo hakuna anayejua Muyaka alikuwa anabeza wapi na anacheka wapi akiyasema pale mjini, tunabishana tu. Ila tunabishana kwa sababu yapo.

Sasa kuhusu wewe. Usimtumie mama meseji ya pili kuielezea ya kwanza, utazidi kuzama. Sauti ya kurekodi pia hapana, itachezwa kwenye kikao mbele ya mjomba, tena itasimamishwa katikati. Mpigie, salimia vizuri, halafu muulize maneno yale yale, "mama, mbuzi umemuuza?", kwa ile sauti uliyokuwa nayo kichwani kwenye daladala. Akisikia atajua. Kisha wikiendi panda basi, beba sukari na doti ya kanga, na maneno ya hiyo kanga yasome mara tatu kabla hujalipa, nakuomba sana.

SWALI: Shangazi, jirani yangu kila nikianika nguo anatoka na kanga imeandikwa "Hasidi hana sababu". Najua ni mimi anayenisema. Naweza kumpeleka kwa mjumbe? – Nimechoka, Tanga

JIBU: Utamwambia nini mjumbe mdogo wangu? Kwamba kanga imekutukana? Atauliza jina lako liko wapi, mtaigeuza pindo hadi mji, mji hadi pindo, halipo. Kanga ni barua isiyo na anwani, anayelalamika ndo anakuwa amejiandikia anwani mwenyewe, na jirani yako analijua hilo vizuri ndo maana anatulia tu kibarazani. Msifie. Mwambie "shoga, rangi imekukaa, umenunua duka gani?" Halafu kesho anika nguo zako kama kawaida.