Njano si chungwa: bendera ya Ireland

SWALI: Mimi ni fundi cherehani, Arusha. Nina oda ya bendera 30 za Ireland za sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Kitambaa cha chungwa sikipati. Muuza vitambaa ananiambia niweke njano, kwamba asili yake ilikuwa dhahabu ya Papa. Nishone?

JIBU: Usishone hata moja. Huyo anauza alichonacho dukani, habari za Papa kaongeza chumvi. Kila Machi ikikaribia naletewa swali hili hili.

Chungwa ni la Waprotestanti, kwa jina la Mfalme William wa Orange aliyeshinda vita vya mto Boyne mwaka 1690. Kijani ni cha Wakatoliki na wapigania uhuru. Thomas Francis Meagher, kijana mpigania uhuru wa miaka 24 na Mkatoliki mwenyewe, aliipandisha bendera hii mjini Waterford, Ireland, tarehe 7 Machi 1848, mapinduzi ya Ufaransa yakiwa bado moto. Mwezi uliofuata, Dublin, alieleza kwamba weupe wa katikati ni suluhu ya kudumu kati ya chungwa na kijani. Sasa ondoa chungwa: kijani kinapatana na nani?

Hata Ireland kwenyewe wapo wanaosema "kijani, nyeupe na dhahabu", wengine kwa mazoea, wengine kwa kuwa jina la Orange haliwapiti kooni. Lakini Katiba ya 1937, Ibara ya 7, inataja chungwa, na mwongozo wa serikali yao unasema kuweka njano ni kuipotosha bendera.

Kijani kikae upande wa mlingoti, na urefu uwe mara mbili ya kimo. Ukigeuza umeshona ya Côte d'Ivoire, ingawa yao ni fupi kidogo, 3 kwa 2. Mwaka 2018 huko Birmingham, Murielle Ahouré wa Côte d'Ivoire alishinda mbio za mita 60, akaazima bendera ya shabiki wa Ireland na kuigeuza tu.

Kinachonichosha zaidi ni zile chati za ukutani: kijani ardhi, nyeupe amani, njano madini, nchi baada ya nchi. Kwa Tanzania, njano ni madini kweli. Watu wamechukua ufunguo wa nyumba yetu wanajaribu kufungulia milango ya dunia nzima. Anayekupa maana ya rangi mwulize: nani alisema, wapi, mwaka gani? Wengi hapo hukumbuka wana mteja mwingine anawasubiri.