Naogopa nusukaputi, naogopa mshono

SWALI: Nina kilo 128, na wiki tatu zijazo nitafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Usiku silali: nisipozinduka je? Mshono ukiachia? Mama anasema niahirishe.

JIBU: Pole, dada. Wengi huogopa nusukaputi. Sisi tunauangalia zaidi mshono. Daktari huondoa takribani robo tatu ya tumbo, yaani mfuko wa chakula, na kubana ukingo kwa pini ndogo za chuma. Panapovuja, mara nyingi ni juu kabisa, karibu na umio. Ukiwa nyumbani, mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika, ukapata homa au maumivu ya bega la kushoto, rudi hospitali saa hiyohiyo, usingoje kukuche.

Mlo wa wanga kidogo wa wiki mbili kabla, tafadhali usiuibie: hulisinyaza ini, na ini kubwa humziba daktari njia. Kama unakoroma sana, mwambie mtaalamu wa nusukaputi mapema. Kutembea siku ileile ya upasuaji hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Vitamini utameza maisha yako yote.

Kuahirisha kuna maana iwapo bado unavuta sigara, maana kidonda huchelewa kupona. Kama ni hofu tu, rudi kwanza kwa daktari wako, uende na mama.