Dalziel sio Mjerumani wakuu, hiyo Z ni danganya toto

Mkuu mleta uzi, umesema kazini kwenu kaja bosi mpya anaitwa Dalziel na nyie mmeshamuweka kundi la Wajerumani kisa hiyo Z. Hapana aisee, huyo ni Mskoti wa kindakindaki, na niache niongee kwa kirefu maana hilo jina lilishaniaibisha mbele za watu.

Nilikuwa mapokezi kwenye zahanati moja Motherwell, mji uko kusini mashariki ya Glasgow. Wiki yangu ya kwanza nikapewa karatasi niite wagonjwa, nikapaza sauti "Dal-zi-eli!" Kimya. Nikarudia, kimya, watu wanaangaliana tu. Kuna mzee kakaa pembeni, kofia kaiweka magotini, ananitazama kama mtu anayesubiri mtoto amalize kusoma. Mara ya tatu ndo akainuka, akasogea mpaka dirishani akaniambia taratibu, "Kijana, D halafu L, basi." Yaani zile herufi mbili kama zinavyotajwa kwa Kiingereza, dii-eli, umemaliza. Sisi tuliozoea kwamba kilichoandikwa ndo kinachosomwa lazima ujiulize hizo nyingine zimewekwa za nini.

Sababu ni hii. Waskoti zamani walikuwa na herufi inaitwa yogh, ina umbo la namba 3 yenye mkia, na kwenye jina hili ilifanya kazi kama Y yetu. Uchapaji ulipoingia Edinburgh mwaka 1508 herufi za kuchapia, zile za madini ya risasi, zilikuwa za kutoka bara la Ulaya, na kwenye seti hizo yogh haikuwemo, wachapaji wakaona isiwe tabu, wakachomeka Z maana Z ya wakati ule nayo ilikuwa na mkia, zinafanana kama mapacha. Karatasi ikabaki na Z, mdomo ukagoma. Ndo maana hata Menzies kwao wenye asili wanasema Mingis, na ngome ya Culzean inatamkwa Kaleini. Mackenzie nayo ilikuwa hivyohivyo ila huko Z ilishinda, watu wakaanza kuitamka kama walivyoikuta kwenye karatasi.

Sasa asili. Ni jina la mahali kwanza, la watu baadaye. Dalziel ni eneo la bonde la mto Clyde, hapohapo Motherwell, na mpaka leo utakuta jumba linaandikwa Dalzell, kiwanda cha chuma Dalzell, halafu sekondari Dalziel, mji mmoja huohuo! Maana inayotajwa zaidi ni ya Kigaeli, lugha ya zamani ya huko, konde jeupe. Wenyewe wana hekaya tamu zaidi, kwamba ndugu wa mfalme alinyongwa na maadui, mfalme akauliza nani atathubutu kwenda kuushusha mwili, jamaa mmoja akajibu "dal zell", eti kwa lugha yao ya kale ni "nathubutu". Nembo ya ukoo kweli ina mtu uchi, na kaulimbiu yao ni hiyohiyo nathubutu, ila mimi naona hekaya imetungwa ili ilingane na jina.

Matawi makubwa ni mawili. Moja lilipata cheo cha Earl wa Carnwath mwaka 1639, likaja kukipoteza baada ya kujiingiza kwenye uasi wa 1715 dhidi ya mfalme. Lingine ni la mfanyabiashara wa Edinburgh aliyenunua shamba la Binns mwaka 1612, hawa wanaandika Dalyell, na kwa maoni yangu ndo walioandika vizuri. Mwanae Tam alikuwa jenerali, mfalme Charles I alipokatwa kichwa 1649 akaapa hanyoi tena ndevu, 1651 akatekwa kwenye vita vya Worcester, akatoroka gereza la Tower of London, akaenda Urusi kumpigania Tsar, yaani mfalme wa huko, akarudi kwao na mwaka 1681 akaunda kikosi cha farasi cha Scots Greys. Watu walimuogopa mpaka wakasema anacheza karata na shetani, siku moja kamshinda, shetani kwa hasira akamrushia meza ya marumaru ikatua bwawani. Meza yenyewe nimeionea palepale Binns. Yule mbunge wa Uingereza, Tam Dalyell, aliyefariki 2017 ni wa ukoo huo.

Kusambaa ndo kulikovuruga zaidi. Wengine walivuka kwenda Ireland ya Kaskazini, Dalzell wapo sana upande wa Down, wengine Kanada, Australia, New Zealand, na kila karani aliandika alivyosikia, kwahiyo utakuta Dalzell, Dalziell, Dalyell, mpaka Deyell. Ukitafuta kwa tahajia moja tu umeliwa. Na usidhani kila Dalziel ana damu ya Earl, jina la ardhi hubebwa hata na mtu aliyeishi tu pale.

Bosi wenu kesho msalimie "mista Dii-eli" uone shingo itakavyogeuka.