Kolaitisi ya muda mrefu: kwa nini daktari anataka kamera wakati tumbo limetulia

Mkuu, nimekusoma. Una kolaitisi ya vidonda, yaani uvimbe wa kudumu wa utumbo mpana, mwaka wa tisa sasa, damu huioni, choo kipo sawa, halafu daktari anakuandikia kolonoskopi, kamera ya kupita utumbo mpana, "ya kuangalia saratani". Unauliza kama kipimo cha choo au CT, picha ya mashine kutoka nje ya mwili, haviwezi kutosha, maana kamera ni ghali na inadhalilisha kidogo. Mimi sio daktari, ila ugonjwa huu nimeuzoea kukuzidi na kamera nimezipitia, nzuri na za ovyo.

Tumbo kutulia ndiyo sababu umepangiwa sasa. Utumbo ukiwa umevimba na mwekundu, hata mtaalamu mwenye jicho kali hawezi kutenganisha kidonda cha kawaida na chembe zilizoanza kugeuka, na patholojisti, daktari wa maabara, naye anaweza kubabaika akiweka kinyama kilichokatwa kwenye ukuta wa utumbo chini ya darubini. Daktari wako amesubiri wakati mzuri, mshukuru.

Kuhusu muda, miongozo ya Ulaya inataka uchunguzi uanze kama miaka 8 baada ya dalili za kwanza. Dalili, sio siku ulipotajiwa jina la ugonjwa. Kwetu hapo pana shida kubwa. Wengi tulianza kuharisha damu, tukaambiwa amiba, tukameza Flagyl, ikapoa, ikarudi, ikaitwa taifodi, na wenzetu wa Kanda ya Ziwa wakatibiwa kichocho. Miaka inapita hivyo kabla mtu hajafika kwa daktari wa mfumo wa chakula. Kwa hiyo huo mwaka wako wa tisa huenda ni wa kumi na mbili. Mweleze daktari lini hasa uliona damu mara ya kwanza. Wenye ugonjwa wa makovu kwenye mirija ya nyongo hawasubiri kabisa, wao ni kila mwaka tangu siku wanayogundulika. Na ambaye ugonjwa wake haujawahi kupita puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo, hatari yake haizidi sana ya watu wengine, hahitaji ratiba hii.

Usitishwe na ile hatari ya saratani ya 18% baada ya miaka 30 ya ugonjwa inayozunguka mitandaoni. Inatoka kwenye uchambuzi wa mwaka 2001 uliokusanya tafiti za zamani, kabla ya dawa nyingi za sasa. Tafiti za baadaye, hasa za Denmark, zimetoa picha nafuu zaidi. Hatari imebaki juu kwa waliougua wakiwa wadogo, wenye ugonjwa ulioenea utumbo mpana wote, wenye uvimbe usiotulia, na wenye ndugu wa damu aliyepata saratani ya utumbo. Ndiyo maana kumeza dawa zako hata ukijisikia mzima ni sehemu ya kinga hiyo hiyo.

Sasa kwa nini sio CT. Kwa watu wengine saratani ya utumbo mara nyingi huanzia kwenye polipu, kinyama kinachoning'inia ambacho hata picha inaweza kukinasa. Kwetu wenye kolaitisi mabadiliko yanaweza kuwa bapa, yamelala sawa na ukuta, kama kiraka cha kitambaa kile kile kilichoshonwa kwa uzi wa rangi ile ile. CT inakipita. Kipimo cha damu kwenye choo nacho hakitufai, kwa sababu kolaitisi yenyewe inatoa damu, na kiraka kichanga kinaweza kisitoe hata tone. Na zaidi ya yote, CT haikati kinyama. Bila kinyama hakuna anayeweza kukwambia kama pana displasia, yaani chembe zilizoanza kugeuka kabla ya kuwa saratani.

Zamani walikuwa wanakata kwa kubahatisha: vinyama vinne kila sentimita 10, jumla 30 na kitu, na bado hiyo ni sehemu isiyofika 1% ya ukuta wote. Ndipo ikaja rangi. Wanapulizia methilini bluu au indigo kamini kupitia kamera, ya kwanza inanywewa na chembe za ukuta, ya pili inatuama kwenye mifereji yake midogo, na mshono wa kile kiraka unaonekana. Mwaka 2003 Ralf Kiesslich na wenzake wa Mainz, Ujerumani, waliwagawa wagonjwa 165 wa kolaitisi: upande wa rangi yalionekana maeneo 32 yenye mabadiliko, upande wa kamera ya kawaida 10. Leo kamera za HD zinaona vizuri zaidi ya zile, kwa hiyo tofauti imepungua, na madaktari bado wanabishana. Mimi nipo upande wa rangi, na sababu ninayo.

Kamera yangu ya kwanza ya ufuatiliaji ilipita haraka, ripoti mistari miwili, "kawaida". Haikusema kama utumbo ulikuwa msafi wala kama walifika sekamu, kule utumbo mpana unakoanzia. Baadaye nilihamia kwa daktari mwingine anayetumia rangi, akaitoa kamera taratibu huku anaosha na kupulizia. Kwa watu wa kawaida, kwa miaka mingi kiwango kimekuwa kutoa kamera kusipungue dakika 6; yeye alikaa zaidi sana. Akaona sehemu bapa upande wa kulia, akaitoa yote. Majibu: displasia ya daraja la chini. Akaomba patholojisti wa pili aisome, ambao ndio utaratibu, na wa pili akakubaliana na wa kwanza.

Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza kama kamera ni ya HD na kama wana rangi. Kama una upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na Pwani sio jambo la nadra, sema mapema. Methilini bluu inaweza kuwaletea shida watu wa aina hiyo, na indigo kamini ipo. Na usishtuke choo au mkojo ukitoka na rangi ya ajabu baadaye.

Usafi wa tumbo ndio kazi yako. Vidonge vya kuongeza damu acha wiki moja kabla, vinafanya choo kiwe cheusi na kunata ukutani, ila mwambie daktari. Siku chache za mwisho achana na maharage, mchicha, mapera, dona na chochote chenye mbegu. Wali mweupe na samaki vinatosha. Siku ya kuamkia ni vimiminika vinavyopitisha mwanga: chai ya rangi, madafu, supu iliyochujwa. Juisi ya rozela hapana, itaonekana kama damu. Dawa ya kusafisha igawe, nusu jioni, nusu alfajiri, hata kama nesi atakwambia unywe yote usiku; muulize daktari, ila kugawa kunasafisha vizuri zaidi. Ukitoka na maji ya njano yanayopitisha mwanga, upo tayari.

Wakikuta kitu, usikimbilie kuwaza mfuko wa choo. Zamani displasia ilikuwa tiketi ya kukatwa utumbo mpana wote. Siku hizi kama mipaka yake inaonekana na kimetoka chote, wanakitoa kwa kamera na kukufuatilia. Mimi sasa nipo kwenye kundi la kila mwaka. Wewe, wakikuta ukuta umetulia na huna vile vihatarishi nilivyotaja, kwa miongozo ya Ulaya unaweza kuambiwa urudi baada ya miaka 5.