Kabla hujamkatia mtoto tiketi ya basi

Jumatatu nimewakuta vijana wawili wa fildi, wanaofanya kazi nami na watoto wa mtaani hapa Mwanza, wamemkalisha mtoto kwenye benchi la ofisi. Kanyolewa, ana begi jipya, viatu bado vina karatasi ndani. Wamemjua siku nne na wanampeleka nyumbani. Mmoja alikuwa anahangaika na simu, anatafuta mwanga mzuri wa kumpiga picha. Picha kama hiyo ninayo na mimi.

Wadogo zangu, nawapenda, lakini mtaniua kwa presha. Sikilizeni.

1. Mtaani nendeni saa tano usiku, maduka yakishafungwa. Wengi mnaowaona mchana wana pa kulala. Mwenye boksi kwapani saa tano ndiye wenu. Na usimmulike tochi usoni, maana wanaomulika usiku ni mgambo.

2. Gari la ofisi liacheni, vaeni raba. Kabla hujafungua fomu, mnunulie chai mlinzi wa duka. Yule anajua nani kaja lini na analia usiku gani.

3. Ukiuliza "umetoka wapi" hujauliza "kwa nini umeondoka". Hapa ndipo nilipoharibu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilimpata mtoto wa miaka kama 11 akilala nyuma ya vibanda vya samaki. Tumwite Dogo. Mpole, hanusi gundi, anajua kijiji chao, jina la mama, hadi mwembe wa mbele ya shule. Fomu ikajaa ndani ya nusu saa. Robo ya mwaka ilikuwa inaisha na ripoti yangu ilidai idadi ya "waliounganishwa na familia". Nikakata tiketi mbili za basi la Musoma, tushukie Bunda.

Njiani aliniuliza mara tatu: "Anko, basi la kurudi linapita saa ngapi?" Nikasema moyoni, mtoto ana huruma huyu, anawaza nitarudije. Nikamjibu kwa kirefu, hadi nauli nikamtajia.

Mama yake alitoka akasimama mlangoni. Hakusema karibu. Aliangalia viatu vya mwanawe, kisha akaangalia njia, kama anayehofia kuna mtu atatokea. Mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri, nikapiga picha, nikawahi basi. Siku ya tatu Dogo yuko vibandani, hana viatu.

Niliyopaswa kuyatafuta kabla, niliyapata baada. Baba alifariki, baba wadogo wakachukua nyumba na shamba. Kanuni za urithi wa kimila za 1963 zinasema mjane atatunzwa na watoto wake. Mtunzaji mwenyewe wakati huo alikuwa na miaka 8! Mama akaolewa kwingine. Mume akakubali mke, akakataa mtoto wa kufikia. Usiku niliomwacha pale, mama alilala naye jikoni. Kulipokucha mume akamwambia achague. Dogo hakusubiri jibu. Saa ya basi alikuwa anaijua, nilimwambia mimi.

Hakunitukana. Alisema "shikamoo anko", akahamia upande wa pili wa barabara. Ila maskani nzima ilipata habari, na miezi iliyofuata fomu zetu zikajaa akina Juma kutoka Kahama. Ukimuuliza Juma Kahama iko wapi, anakuonyesha ziwani.

4. Msako si kazi yenu, msiusindikize. Akitarajiwa mgeni mkubwa, watoto na watu wazima wasio na makazi wanazolewa kwenye karandinga kwa uzururaji, ingawa Mahakama ya Afrika, iliyoko hapo Arusha tu, ilishasema 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Wiki ikiisha wako baraza ile ile, na sasa wanatukimbia hata sisi. Mwenye duka ameongeza mlinzi wa pili, bei ya unga imebeba mshahara wake, na mtoto mwenye kidonda anaogopa kwenda zahanati mpaka mguu uvimbe. Bajeti ya msako sijawahi kuona ikikosa mafuta. Ya kumfuatilia mtoto aliyerudishwa nyumbani nimeiomba mpaka mhasibu akinisikia mlangoni anajifanya yuko kwenye simu.

5. Wafundisheni namba 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure.

6. Safari ya kwanza nenda bila mtoto. Lala huko. Zungumza na jirani, na bibi, na mwalimu wa darasa. Muulize mama akiwa peke yake kisimani, si mbele ya mwenyekiti. Kama mama hawezi kumpokea, huenda bibi anaweza, au shangazi, na kama shamba ndilo tatizo basi anza na shamba.

Nyie wawili, mmoja ataondoka Alhamisi peke yake. Mtoto anabaki kituoni na viatu vyake. Tiketi nimezirudisha kwa wakala, amekata elfu tatu, nawadai.