Jibu: Ndege chozi wa Mlima Kenya, si lazima ufike Lenana

Ndugu, umeuliza kama ni lazima upande hadi kilele cha Lenana (mita 4,985) ndipo umwone chozi wa kijani wa Mlima Kenya, yule ndege mdogo anywaye nekta ya maua. Hapana. Kule juu ni mawe na upepo tu. Chozi anafuata lobelia, mmea wa maua wa huko mlimani, hana shida na kilele. Pita njia ya Naro Moru, lala kambi ya Met Station (mita 3,050) mwili uzoee hewa, halafu siku zako zimalizie Bonde la Teleki.

Tafuta ile lobelia ndefu yenye manyoya ya kijivu, kama mzee aliyejifunika blanketi. Maua yake ya buluu yamejificha ndani. Chozi hung'ang'ania ubavuni mwa shina, akachomeka mdomo uliopinda mpaka uso wote unazama manyoyani. Hunywa nekta na kula wadudu humo humo. Dume ana mkia mrefu mwembamba. Vile vishungi vyekundu vya kifuani huonekana zaidi akitamba au akigombana, kwa hiyo usimkatae kwa kuwa hujaviona.

Alfajiri kila kitu kina barafu, usijitese. Subiri jua liguse bonde. Mchana mara nyingi ukungu hufunga.

Yule ndege mwingine mdogo wa kahawia atakayekuzunguka miguuni kambini akitingisha mkia hahitaji kutafutwa. Bundi wa Mackinder, bundi mkubwa wa huko mlimani, ndiye kazi kumpata: jioni, kagua miamba yenye michirizi ya kinyesi cheupe. Na beba kitambaa kikavu cha darubini.